Buabua na Ubatizo wa Simotwet

Jumanne, 4 Machi

Wamefika. Trekta la jirani yangu Kiplimo lilianza kulima leo asubuhi ng'ambo ya ua wangu, na kabla halijageuza mtaro wa pili buabua walikuwa nyuma yake, weupe na wepesi, wakipanda na kushuka juu ya udongo mwekundu. Nimefundisha jiografia na bayolojia hadi nikastaafu, na bado kila mwaka nalazimika kueleza upya. Jina la buabua ni la watu wa Pwani. Ni jamaa wa shakwe, ila ana umbo jembamba zaidi na mabawa marefu yaliyochongoka. Huku Ziwa, mji wetu mdogo ulio mbali na bahari, watu humwita ndege ya trekta na kudhani amepotea. Hajapotea hata kidogo. Wengi wa hawa huzaliwa Urusi na nchi za jirani, wakaja kula wadudu wetu kuanzia Septemba hadi Aprili, kisha wakarudi kwao. Anajua njia kuliko diwani wetu anavyoijua barabara ya kutoka Ziwa hadi Eldoret.

Jumamosi, 8 Machi

Vumbi. Hakuna mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Kiplimo aliegemea ua wangu, akatema majani ya chai.

"Mwalimu, hizi ndege zako zitanimalizia mbegu."

"Hujapanda bado, Kiplimo."

"Zinapima shamba. Zinajua nitapanda wapi."

Nilimweleza kwa utaratibu. Mdomo wa buabua ni kama koleo dogo, hauwezi kumenya punje ya mahindi. Tena hatui shambani. Hudaka wadudu hewani, na kiwavi aliyefunuliwa na jembe humnyakua akipita. Kila kiwavi anayeliwa leo ni bua moja la mahindi litakalosimama Juni. Kiplimo alinisikiliza mpaka mwisho kama mwanafunzi mwenye adabu.

"Mwalimu," alisema, "wewe ulifunza watoto. Mimi nalima."

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Yananiuma kama mwiba ndani ya soksi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imeshuka hatimaye. Kila mtu anapanda.

Jumamosi, 5 Aprili

Maximilla, mama anayemkamulia Kiplimo ng'ombe, alikuja jikoni kwetu akiwa amebeba kuku wawili kwa miguu. Ni kuku wa mke wangu, Hellen, ambaye majirani humwita Mama Diana. Walikuwa wamekufa, mapovu mdomoni.

"Mama Diana, nimewapata kando ya shamba. Boss alimwaga mahindi na dawa pale pembeni. Alisema ni ya ndege."

Hellen hakulia. Aliwaweka kuku chini, akafunga leso kiunoni, akatoka. Nilimsikia kutoka barazani, na nadhani walimsikia hadi mji wa Turbo. Kiplimo alirudi nyuma hatua kwa hatua shambani mwake. Juu ya kichwa chake, muda wote huo, buabua walikuwa wakiruka salama salimini, kwa sababu hakuna buabua aliyewahi kula punje ya mahindi. Sumu ilimwagwa kwa ajili ya ndege asiyekula mbegu, ikaua kuku asiyekuwa na kosa, na mtu aliyeimwaga alikuwa ameelezwa! Nilimweleza mimi mwenyewe, polepole, kwa mifano.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimecheka kwa hasira, jambo ambalo sikujua linawezekana. Buabua wanabadilika. Kila mwaka kabla ya safari ya kaskazini huvua manyoya meupe ya kifua na tumbo na kuvaa meusi tititi, mabawa yakibaki meupe. Ni nguo ya harusi. Wakifika kwao watatafuta wenzi.

Kiplimo aliniita kwa furaha. "Umeona? Sumu imefanya kazi. Imeanza kuwaunguza kutoka ndani!"

Majirani wawili waliokuwa naye walitikisa kichwa kwa kukubali. Hapo ndipo nilipocheka.

Alhamisi, 24 Aprili

Wameondoka. Anga imebaki tupu kama darasa siku ya kufunga shule.

Jumanne, 6 Mei

Diana, binti yetu, alinipeleka Eldoret kwa ajili ya miwani. Anakaa huko, mtaa wa West Indies. Baada ya daktari nilimwomba anipitishe kwenye mabwawa ya maji taka nje ya mji. Huko kuna shakwe wenye kichwa cha kijivu, wanene, wenye kelele za wanasiasa. Nilisimama kando ya ua wa waya nikijaribu miwani mipya.

"Baba," alisema Diana akiziba pua, "tumenunua miwani ya bei kali ili uangalie choo cha mji mzima?"

Nilimweleza kwamba maji taka yana funza wengi na shakwe hachagui meza. Alirudi kwenye gari, akapandisha vioo.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika haraka, matope yakiwa bado viatuni. Buabua wametaga katika bwawa letu la Simotwet.

Hawa si wale wa trekta. Ni buabua wa mashavu meupe: kofia nyeusi, mdomo mwekundu wa damu, tumbo la kijivu cha wingu la mvua, na mstari mweupe shavuni. Hawa huzaa Afrika, lakini huzaa kwa masharti. Wanataka bwawa lililojaa kwa mvua za masika, na wanataka magugu na yungiyungi yanayoelea, kwa sababu kiota chao hukaa juu ya maji. Hulaza mashina yaliyooza juu ya majani, wakataga hapo, na kiota hupanda maji yakipanda. Bwawa la Simotwet lilichimbwa na mkulima Mzungu kabla ya Uhuru, nami nimeishi kando yake tangu nilipooa. Sijawahi kuona kiota hata kimoja. Mwaka huu mvua imekuwa nzuri, magugu yamefunika upande mzima wa mteremko mdogo, ambako maji ni ya kina kifupi, na viota vimetapakaa humo, zaidi ya ishirini.

Nilimleta Hellen aone.

"Wanapendeza," alisema. "Lakini wanapiga kelele."

Jumapili, 1 Juni

Leo kanisani Pasta Wabuge alitangaza ubatizo. Utafanyika bwawani Jumapili ya tarehe kumi na tano, kama kila mwaka. Sisi ni watu wa kuzamisha. Mtu lazima aingie majini mzima, na kwa desturi yetu washirika wasimame ukingoni wamwone anavyozama na kuinuka, wote wawe mashahidi. Kwa hiyo maji lazima yawe wazi. Vijana wataondoa magugu Jumamosi inayokuja ili maji yatulie wiki nzima.

Yaani watang'oa upande wa mteremko mdogo. Yaani viota.

Nilimgeukia Hellen. Aliangalia mbele. Yeye ni katibu wa akina mama wa kanisa, na orodha ya wanaobatizwa alikuwa ameisoma wiki iliyopita bila kuniambia.

Jumanne, 3 Juni

Nilikwenda kwa Pasta. Wabuge ni mtu mwema, mzaliwa wa upande wa Bungoma, mwenye sauti ya kuamsha mawe. Alinikaribisha chai, akanisikiliza.

"Mwalimu, nabatiza wapi basi? Upande wa ukuta wa bwawa ni kina kirefu. Nitawazamisha kweli kweli."

"Sogezeni mbele hadi Agosti. Makinda watakuwa wameruka."

"Agosti watu wako shambani. Na Maximilla?" Aliweka kikombe chini. "Huyo mama amekosa mafundisho miaka miwili kwa sababu ya kukamua Jumapili. Mwaka huu amemaliza. Magoti yake hayashuki ukingoni, nimeangalia. Ni ule mteremko mdogo tu anaweza. Nimwambie angojee ndege?"

Niliondoka nikiwa na hasira zaidi kuliko nilivyofika, kwa sababu alikuwa na hoja.

Jumamosi, 7 Juni

Niliwaambia watu wa nyumbani kwamba nitakuwepo wakati vijana wakianza, na nikawepo. Walifika na mapanga, reki na kamba, wakiimba pambio. Nilisimama katikati ya njia na fimbo yangu. Hakuna kijana hata mmoja aliyenitukana, na hilo lilinifanya nijione mnyonge zaidi. Walinizunguka kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu, shikamoo, Mwalimu," kama maji yanavyozunguka jiwe, wakaingia bwawani.

Buabua waliinuka wote kwa pamoja. Sijawahi kusikia mlio kama ule. Ni mkali, wa kukwaruza, tena hausimami. Walimshukia kila aliyeingia majini, wakimgusa kichwa kwa mabawa, mmoja akamchoma kiongozi wa kwaya hadi damu ikatoka sikioni. Vijana walicheka, wakavuta. Kamba ilifungwa kwenye magugu, watu sita wakavuta kutoka ukingoni, na zulia zima la majani likaja nchi kavu na viota juu yake. Mayai yalikuwa ya rangi ya zaituni yenye madoa. Mengine yalibiringika kwenye nyasi. Moja lilikuwa limeanza kutoboka, mdomo mdogo ukionekana kwenye tundu, nao ulikuwa bado unafanya kazi.

Niliinama nikaliokota. Nilipiga kelele. Sikumbuki maneno, ila Hellen anasema nilitumia Kiswahili, Kinandi na Kiingereza, na kwamba neno la Kiingereza halikuwa la mzee wa kanisa. Vijana waliacha kamba.

Hapo ndipo Kiplimo, aliyekuwa amekuja kutazama, alipoongea.

"Acheni kwanza. Mwalimu ataanguka hapa tuanze kutafuta gari."

Wakaacha. Karibu nusu ya viota vimekwenda. Nusu iliyobaki imo upande wa mashariki wa mteremko. Pasta amesema watamaliza siku nyingine katikati ya wiki, Mwalimu akitulia.

Mwalimu hatatulia.

Yai lilikoma kutoboka kabla ya saa sita mchana.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada niliomba nafasi ya kusema. Nilikuwa nimefikiri usiku wote na nikapata jambo lililo wazi kiasi kwamba nilikasirika sikuliona mapema. Juu ya bwawa, kwenye mlima mdogo, kuna josho la ng'ombe. Lilijengwa kwa harambee na kwa ahadi. Wakubwa walikuja, wakakata utepe, wakala mbuzi, wakaondoka. Dawa ya kupe haikuja kamwe. Josho lile halijawahi kuosha ng'ombe hata mmoja. Ni handaki safi la saruji, lenye mteremko wa taratibu wa kutokea na vyuma vya kushikilia pembeni, na mvua za mwaka huu zimelijaza hadi shingoni. Maji yake unaona hadi chini.

Kanisa lililipuka.

"Tubatizwe kwa dipu? Kama ng'ombe?"

"Mwalimu anatuita mifugo!"

Hata Pasta alijizuia kucheka, na hakufanikiwa vizuri. Lakini aliyenishangaza ni Kiplimo. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya josho na ana funguo za kufuli. Alisimama uso umemwiva.

"Hiyo dipu haifunguliwi. Mnataka watu wa Ziwa mzima wakuje waone nini? Waseme Kiplimo alijenga bwawa ya vyura?"

Akatoka. Niliketi. Hellen, bila kunitazama, alinikabidhi peremende kutoka mkobani mwake. Sijui maana yake ilikuwa nini, ila niliila.

Jumatano, 11 Juni

Nilikwenda kwa Kiplimo jioni kuchukua maziwa. Alikuwa zizini na Maximilla, aliyekuwa akikamua. Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Sikupata nafasi.

"Boss," Maximilla alisema, kichwa chake kikiwa ubavuni mwa ng'ombe, "nipatie hiyo funguo."

"Na wewe pia?"

"Mimi ndiye nabatizwa. Si Pasta, si Mwalimu." Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. "Hapo dipu kuna chuma ya kushika. Bwawani nitashika nini, ndevu ya Pasta?"

"Watu watacheka, Maximilla. Watasema umeoshwa kama ng'ombe."

"Ng'ombe akitoka dipu anatoka bila kupe. Mimi kupe yangu nazijua, tena ni kubwa kuliko ya ng'ombe." Alinyanyua kichwa. "Hiyo dipu unaionea aibu kwa sababu haijaosha kitu. Wacha ianze na mimi."

Kiplimo alimkuna fahali shingoni. Kisha alitoa kishada cha funguo mfukoni, akakitumbukiza kwenye mfuko wa aproni ya Maximilla, akaingia ndani bila kuniaga. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili nilimwona si kama mtu mjinga. Ni mtu aliyedharauliwa na waliomwahidi, na akalibeba jambo hilo peke yake kwa miaka. Ilinichosha kuacha kumchukia. Nilikuwa nimezoea.

Jumapili, 15 Juni

Walibatizwa joshoni; Pasta alikubali Maximilla alipompelekea funguo. Vijana walisugua saruji jana, na akina mama walifunga vitenge kwenye vyuma. Kwaya ilisimama kwenye boma la kukusanyia ng'ombe. Kweli watu walikuja kutoka mbali kucheka, na wachache walicheka mwanzoni.

Maximilla alikuwa wa kwanza. Alishuka kwa mteremko wa kutokea, hatua kwa hatua, mkono kwenye chuma, kanzu nyeupe ikielea kumzunguka. Maji yalikuwa wazi kiasi kwamba tuliona vidole vyake vya miguu. Pasta alimzamisha. Alipoinuka alipumua kwa nguvu kama ndama mpya, akasema kwa sauti ambayo wote tulisikia, "Yesu, kumbe ni baridi!" Hapo kila mtu alicheka, na hakuna aliyecheka kwa dharau. Kiplimo alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alijifuta uso kwa kofia.

Hakuna aliyekwenda bwawani.

Jumanne, 24 Juni

Makinda! Viota vilivyobaki vimeangua. Ni mipira ya manyoya ya kahawia yenye madoa, inayojificha kwenye majani mama akilia. Nimemwonyesha kila aliyekubali kushika darubini, hata mpita njia aliyeuliza bei ya maziwa.

Mtamba wa Kiplimo amekufa kwa ndigana. Ni ugonjwa unaoletwa na kupe. Maximilla alimlea kutoka tumboni mwa mama yake. Nilikwenda kutoa pole, nikakuta hakuna anayetaka pole.

Jumamosi, 5 Julai

Mkutano wa kamati ya josho, chini ya mabati ya soko. Kiplimo amefanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Amezunguka hadi Eldoret, ofisi hadi ofisi, akawapata watu wa ushirika wa wafugaji waliokubali kutoa dawa ya kujaza josho kwa mara ya kwanza. Alizungumza akiwa amesimama wima. Alimtaja mtamba wake. Kisha alinitazama mimi kwa imani, kama mtu anayejua tayari kwamba rafiki yake yuko upande wake.

Pasta Wabuge alisimama. Mahali pale pamewekwa wakfu, alisema. Watu wameokoka pale. Huwezi kubatiza leo na kutia sumu kesho. Na ng'ombe hupuliziwa dawa kwa pampu ya mgongoni, kama siku zote. "Tukitia dawa," alimaliza, "mwakani tunarudi bwawani."

Maximilla aliomba kusema. "Mungu amemaliza na mimi hapo. Sasa ni zamu ya ng'ombe."

Watu walipiga makofi. Ni neno bora kuliko yote yaliyosemwa mwaka huu. Nilikubaliana nalo kabisa, na bado nikawa nasikia moyoni kauli moja tu ya Pasta: mwakani tunarudi bwawani. Niliona kamba, magugu yakiburutwa, na mdomo mdogo kwenye tundu la yai.

Ningeweza kusimama na kueleza kwamba josho liko juu ya bwawa, na dawa iliyomwagika hutiririka na mvua hadi majini. Ni kweli. Lakini sikuwa nikifikiria hivyo, na sitaandika hapa kwamba nilifikiria hivyo.

Walioitaka dawa waliinua mikono. Kiplimo aliinua wake, Maximilla wake, na Hellen wangu, katibu wa akina mama wa kanisa, aliinua wake pia. Kisha wasiotaka. Nikainua mkono.

Upande wa Pasta ulishinda kwa mkono mmoja. Kila mtu aliujua ni upi.

"Mwalimu?" alisema Kiplimo. Hilo tu.

Miezi yote hii nimeandika hapa kuhusu ujinga wa watu, ukaidi wao, na jinsi wasivyosikia wanapoelezwa. Leo nilielezwa vizuri, na mtu mwenye haki, nikaelewa kila neno, na bado nikapiga kura dhidi yake.

Hellen alitembea mbele yangu hadi nyumbani.

Ijumaa, 11 Julai

Makinda wameanza kuruka. Wanaanguka majini, wanainuka, wanajaribu tena, na wazazi huwadondoshea vyura wadogo hewani ili wajifunze kudaka. Nilikaa ukingoni asubuhi nzima.

Upande wa pili Kiplimo alileta ng'ombe wake kunywa. Alikuwa na pampu ya dawa mgongoni. Aliwapulizia mmoja mmoja, masikioni, chini ya mkia, kwenye makwapa, kwa uangalifu wa mtu aliyepoteza mmoja. Kazi ile ni ndefu. Buabua mchanga alipita chini kabisa juu ya kichwa chake, naye akamfuata kwa macho hadi alipotua.

Nilimwita jina. Alikaza mkanda wa pampu, akageukia ng'ombe aliyefuata.